Tamasha limekwisha, fedha ziko wapi?

Ndugu wa makusanyiko ya mashariki, tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, sisi wa Lubudi tunaulizana namna ya kuwasaidia. Jibu linalokuja haraka ni tamasha: kwaya tatu nne, mpiga gitaa anayejulikana, sanduku la matoleo mlangoni. Tunaliunga mkono. Mtu asiyetoa franka moja tangazo linaposomwa ibadani, hutoa kwa furaha anapoimba. Ila kukusanya ndiyo sehemu nyepesi.

Paris walipata shida hata kabla ya kuimba. Tamasha ambalo Gims, Dadju na wengine walitangazwa kuimba lilipangwa Accor Arena tarehe 7 Aprili 2025, mapato yaende kwa watoto wa mashariki ya Kongo kupitia UNICEF. Lakini tarehe hiyo ndiyo Rwanda huanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Malalamiko yakawa mengi, likasogezwa hadi tarehe 22. Kwa maoni yetu ilifaa kusogeza. Kati yenu wako waumini wanaolia siku hiyo.

Kuhusu fedha, kuna habari ya zamani zaidi. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison na Ravi Shankar waliimba na wenzao New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Mapato ya mlangoni, kama dola 243,000, yalifika UNICEF. Lakini mamilioni yaliyotokana na sahani na filamu yalikwama miaka mingi kwa watu wa kodi wa Marekani, kwa sababu tamasha halikuandikishwa mapema kama kazi ya msaada. Nia ilikuwa njema, karatasi haikuwapo, na wakimbizi wakangoja.

Kwenu njia ni nyembamba kuliko hiyo. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Wengi wamebaki na pesa ya simu, na kupata noti mkononi kuna makato makubwa. Basi dola 100 zilizotangazwa Lubudi si dola 100 mkononi mwa mama aliyeondolewa kambini. Tusipowaeleza watu hayo kabla ya kupitisha kapu, mchungaji wa upande wenu ndiye atakayeitwa mwizi.

Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba kapu peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili mtu asipate la kuwalaumu. Nasi tungetaka watu watatu wahesabu usiku uleule, mmoja wao akitoka nje ya kamati, na gharama za jenereta, mitambo ya sauti na usafiri zisomwe waziwazi. Posho ya mwanamuziki nayo isifichwe. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya, humu humu katika teritware ya Lubudi, na gitaa lake likajulikana hadi Nairobi. Angekuwa hai, tungemwita kila mwezi “kwa kazi ya Mungu”, kisha arudi nyumbani kwa miguu!

Kampuni ya migodi ikilipia jukwaa, tuishukuru. Lakini zawadi hiyo isihesabiwe ndani ya asilimia 0.3 ya mauzo ambayo Sheria ya Madini ya 2018 inaitaka itenge kwa maendeleo ya wenyeji. Hilo ni deni, halina haja ya kupigiwa makofi.

Kwenu tunaomba jambo moja. Fedha zikifika, mtuandikie kiasi mlichopokea, makato yaliyotozwa, na idadi ya jamaa zilizogawiwa, bila majina yao. Barua hiyo itasomwa Jumapili mbele ya watu walewale waliotoa, kabla kwaya yoyote haijaanza mazoezi ya tamasha la pili.