Kabla ya Kumlaumu Kibarua

Mwaka 1987 Paul O'Neill alishika uongozi wa Alcoa, kampuni kubwa ya aluminiamu ya Marekani. Katika hotuba yake ya kwanza kwa wawekezaji, badala ya kuanza na faida, alizungumzia usalama wa wafanyakazi na kutaja shabaha yake: kampuni ambayo hakuna anayeumia kazini. Wapo waliotoka ukumbini wakiamini kwamba Alcoa imekabidhiwa mtu asiyejua biashara.

Miezi michache baadaye kijana mmoja alifariki katika kiwanda cha kampuni hiyo huko Arizona. Mashine ilikwama, akaruka ukuta wa kinga ili aondoe kipande kilichoikwamisha, nayo ilipoanza tena kufanya kazi mkono wake wa chuma ukampiga. Mameneja wengi wangefunga jalada hapo hapo: marehemu alivunja utaratibu. O'Neill aliwaita viongozi wenzake na kuwaambia kwamba kifo hicho kiko mikononi mwao, kuanzia yeye mwenyewe. Wasimamizi walimwona kijana akiruka na hawakumzuia. Mafunzo yake yalikuwa hafifu. Mashine haikuwa na kifaa cha kuizima mtu anapoingia eneo la hatari.

Mabadiliko yaliyofuata yalianzia kwenye kasoro hizo. O'Neill alipoingia Alcoa, majeraha ya kumkosesha mtu siku za kazi yalikuwa 1.86 kwa mwaka kwa kila wafanyakazi 100. Alipoondoka mwaka 2000 yalikuwa 0.2. Faida ya mwaka ilikuwa imefika mara tano ya ile aliyoikuta.

Swali la O'Neill, kwamba uongozi ulikosea wapi, ndilo linalokosekana katika biashara nyingi za Afrika Mashariki. Mtu akiumia, maelezo huishia kwake: hakuvaa buti, alikuwa na haraka, hakusikia alichoambiwa. Ni nani aliyepanga kazi ifanyike kwa haraka hiyo? Ni nani aliyeondoa kifuniko cha mashine na kukitupa kona ya karakana?

Chukua mizigo ya sokoni. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, ILO, la mwaka 1967, linaweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo ambao mwanamume mzima anapaswa kubebeshwa mara kwa mara. Hata hivyo, gunia la kilo 100 bado hupandishwa mgongoni mwa mtu, na lumbesa huzidi hapo. Hakuna mkanda wa kiuno wala semina itakayouokoa uti wa mgongo huo. Dawa iko kwa mfanyabiashara: afungashe kwa kilo 50 na anunue kitoroli.

Kwenye mashine ya kusaga au ya kuranda mbao mambo ni hayo hayo. Mkanda unaozunguka ufunikwe kwa wavu wa chuma. Wakati wa matengenezo, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi aliyeingiza mikono yake ndani. Kwenye ghorofa linalojengwa, kingo zizungushiwe uzio na jukwaa likaguliwe kabla fundi hajapanda. Kofia ngumu na glavu zinahitajika, lakini zije baada ya hayo yote. Kofia haimzuii mtu kuanguka kutoka ghorofa ya nne.

Kisha kuna kusikiliza maonyo. Jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia na watu wakatolewa nje. Benki iliyokuwamo ndani ya jengo hilo iliwaacha wafanyakazi wake wabaki nyumbani; washonaji wa nguo wakaamriwa warudi kwenye cherehani. Nyufa zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa waajiri.

Sheria hazikosekani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kenya ina yake ya mwaka 2007, inayotaka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Mwaka 2022 ILO iliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Lakini kamati inayokutana siku mkaguzi anapotarajiwa haimlindi mtu, na kibarua wa kutwa, aliyefika saa kumi na mbili asubuhi na kupewa sepetu bila maelezo yoyote, mara nyingi hajui hata kama ipo. Dakika 15 za kumwonyesha hatari za eneo kabla hajaanza kazi hazimfilisi mwajiri yeyote. Vivyo hivyo, daftari la matukio ambayo watu wamenusurika, kama tofali lililoanguka bila kumgusa mtu, humwonyesha mwenye mali pa kurekebisha mapema. Anayeandika humo ashukuriwe, asikatwe mshahara.

Wakandarasi wana malalamiko ya haki: anayeweka gharama za usalama kwenye bei yake hushindwa zabuni na asiyeziweka. Basi serikali, mashirika na kampuni zinazotangaza zabuni ziweke fungu la usalama kuwa la lazima, lenye kiwango kinachojulikana, lisiloguswa wakati wa kushindanisha bei, na malipo yake yatolewe baada ya mkaguzi kuthibitisha kwamba uzio, majukwaa na mafunzo vipo kweli.