Udongo Ustahimilio Moto Wastahili Nafasi Darasani

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Usemi huu hutumiwa kuhimiza malezi ya mapema. Leo nautumia kuuzungumzia udongo wenyewe.

Katika shule nyingi, udongo ni wa kufinyanga vyungu, basi. Ni wanafunzi wachache waelezwao kwamba viwanda vikubwa huutegemea. Tanuri la saruji, mathalani, huhitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Pipa la chuma la tanuri hilo lingelegea na kupinda lau lisingevikwa ndani matofali yastahimiliyo moto. Mengi ya matofali hayo, hasa katika sehemu zisizo na joto kali mno, ni ya udongo.

Siri yake ni nini? Udongo huu una alumina na silika kwa wingi, na uhaba wa chokaa, oksidi za chuma na potasi, vitu ambavyo huharakisha kuyeyuka. Ndiyo sababu udongo mwekundu ufaao kujengea nyumba waweza kuyeyuka katika joto ambalo udongo mweupe wa kaolini hulihimili.

Mfano ulio karibu nasi ni jiko la kauri la Kenya, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand. Kikombe chake cha udongo huzuia joto lisipotelee ubavuni kama ilivyo katika jiko la bati tupu, na hivyo makaa hupungua. Hata hivyo, kikombe kilichofinyangwa kwa udongo wowote ule, kikachomwa nusunusu, hupasuka upesi. Anayeumia ni mnunuzi maskini aliyejinyima ili apunguze gharama ya makaa.

Wapo watakaodai kwamba silabasi imejaa pomoni. Mimi sidai somo jipya. Nataka mwalimu wa kemia na mwalimu wa sanaa washirikiane. Wanafunzi na walete udongo wa mtoni na wa mlimani, wauchanganye mwingine na vigae vilivyosagwa, wapime unavyonywea ukikauka, wauchome, kisha wahesabu nyufa. Gharama yake ni ndogo.

Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini kikombe kimoja kilipasuka na kingine kikadumu ataweza kesho kuwafaa mafundi wa majiko, na hata wenye viwanda. Walimu, tusingoje udongo ukauke.