Diski za Kuuza Sura na Diski za Kusimamisha Gari

Mwezi huu nilipanga kuongelea matairi, lakini kuna barua imenifanya nibadilishe ratiba.

Imetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Dar. Mchumba wake ana Subaru Impreza WRX, na wiki chache zijazo wanapanda Lushoto, kwa wazazi wa dada, kupeleka mahari. Bahasha ilikuwa imeshatimia. Sasa kaka kaja na hoja mpya: anataka kuchomoa sehemu ya ile pesa anunue diski za breki zenye matundu matundu, zinazong'aa, na kalipa zipigwe rangi nyekundu. Dada alipohoji, akajibiwa kwamba yote hayo ni kwa usalama wake. Swali lake kwangu ni fupi: "Huyu ananijali au ananizuga?"

Dada yangu, inawezekana kabisa ni yote mawili kwa pamoja, na mwenyewe hajui lipi ni lipi. Kwa hiyo leo nawaomba msome wote wawili, mkiwa mmekaa kochi moja.

Breki inapika

Watu wengi wanadhani breki inalishika gari. Ukweli ni kwamba breki inapika. Mwendo wote ule wa gari lazima uende mahali, na pale pedi zinapoibana diski, mwendo unageuka kuwa joto. Diski, lile sahani la chuma linalozunguka na tairi, ndiyo sufuria. Kazi yake ni kupokea moto huo na kuutoa nje haraka kabla haujapelekwa kwingine.

Na moto wenyewe hauongezeki kistaarabu. Ukiongeza mwendo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka 120 kwa saa linatoa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji, chai ya familia nzima, ndani ya sekunde chache. Tena sehemu kubwa ya mzigo huo, kama asilimia 70 hivi, inabebwa na diski mbili za mbele.

Kwa mara moja, hakuna tatizo. WRX yoyote yenye breki nzima itasimama. Hapa kuna jambo ambalo masela wa gereji hawapendi kulisikia: kama gari lako lina ABS na ukikanyaga kwa nguvu unasikia pedeli inatikisika mguuni, basi breki zako tayari zina nguvu kuliko matairi. Diski kubwa zaidi haitafupisha umbali wa kusimama hapo. Tairi bora ndiyo itakayofupisha.

Tatizo linaanza unapolazimika kukanyaga tena, na tena, na tena.

Mtihani wa Lushoto

Kupanda Lushoto ni raha, turbo inafanya kazi yake na mnapiga picha Soni. Mtihani ni kurudi. Kutoka Lushoto hadi Mombo mnashuka karibu mita 1,000 kwenye barabara nyembamba ya kilomita 30 na ushee, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Nimepiga hesabu. Gari lile lile la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 lina nishati sawa na kusimama kutoka 120 mara 17 mfululizo. Ni joto la kuchemsha maji ya ndoo mbili kubwa, zile za lita 20. Mkishuka kwa gia ya chini, injini inabeba sehemu nzuri ya kazi hiyo. Mkishuka kwa gia ya juu, au Mungu apishe mbali kwa nyutro ili kubana mafuta, karibu mzigo wote unaishia kwenye diski.

Sufuria ikizidiwa, mambo mawili hutokea. La kwanza, pedi zinapita kiwango chake cha joto na kuanza kuteleza: pedeli ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halitaki. La pili ni baya zaidi. Joto linasafiri hadi kwenye mafuta ya breki na kuyachemsha. Mapovu yanaingia kwenye mfumo, pedeli inazama hadi chini na hakuna kitu. Hapo rangi nyekundu ya kalipa haisaidii.

Ndiyo maana nasema kaka ana hoja. Kwa safari hii, breki ni jambo la kujadiliwa. Tunabishana tu pesa iende wapi.

Zijue diski zenyewe

*Ya kawaida, yenye nafasi ya hewa katikati.* Ukiitazama kwa pembeni utaona ni sahani mbili zilizounganishwa, katikati kuna njia za kupitisha hewa. Hizi ndizo zilizo mbele kwenye WRX kutoka kiwandani. Haina mbwembwe, ina chuma kingi cha kubeba joto, na ikiwa mpya na ya uhakika inamtosha mtu anayetumia gari barabarani.

*Ya matundu.* Hii ndiyo aliyoipenda shemeji. Zamani pedi zikipata moto zilitoa gesi, na matundu yalisaidia kuipitisha. Pedi za kisasa hazina shida hiyo kwa kiasi kile. Matundu yanasaidia kidogo wakati wa mvua, yanapunguza uzito kidogo, na yanapendeza kwenye rimu iliyo wazi. Lakini kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho kinachobeba joto. Diski ikitumiwa kikatili, nyufa huanzia kwenye kingo za matundu. Kuna watengenezaji kama Porsche wanaofunga diski za matundu tangu kiwandani, lakini hizo zilisanifiwa hivyo tangu mwanzo. Diski ya kawaida iliyokwenda kutobolewa na mtu mwenye drili ni kitu kingine kabisa.

*Ya mifereji.* Ina mistari iliyochongwa usoni badala ya matundu. Mistari hiyo inausafisha uso wa pedi kila inapopita, na diski inabaki imara zaidi kuliko ya matundu. Gharama yake: pedi zinaisha mapema kidogo na kuna mngurumo ukikanyaga. Kwa anayeendesha kwa nguvu kweli, hii ina maana.

*Kubwa zaidi, na kalipa zake.* Hapa ndipo gari linabadilika kweli. Diski ya mbele ya WRX ya kizazi cha 2000 hadi 2007 ina kipenyo cha milimita 294 na unene wa 24. Ya kaka yake STI, yenye kalipa za Brembo, ni 326 kwa 30. Chuma kingi zaidi, hewa nyingi zaidi, moto unachelewa kupanda. Ndiyo maana vijana wanasaka seti za STI zilizotumika, Kariakoo na Ilala. Ila angalieni: kalipa zile zinahitaji rimu ya inchi 17 kwenda juu. STI kuanzia modeli ya 2005 nafasi ya nati za tairi ilibadilika kutoka 5x100 hadi 5x114.3, hivyo diski zake hazikai kwenye habu ya WRX. Na breki ya mkono iko ndani ya diski ya nyuma, kwa hiyo ukihamisha za nyuma pima na hapo. Usilipe kabla fundi hajaweka rula.

*Za kaboni na seramiki.* Porsche waliziweka kwenye 911 GT2 ya 2001, uzito karibu nusu ya chuma. Bei yake tuwaachie wenye Porsche.

Mpangilio wa matumizi

Mwaka 1953 Jaguar C-Type ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, ikiwa na breki za diski wakati wapinzani wengi bado wanatumia za ngoma. Madereva wake waliweza kuchelewa kukanyaga kwenye kona, mzunguko baada ya mzunguko, kwa sababu breki hazikuchoka. Siri ilikuwa kutochoka. Nanyi nunueni kutochoka, kwa mpangilio huu, kuanzia cha bei ndogo:

1. *Mafuta ya breki.* Haya yananyonya unyevu hewani, na Dar unyevu tunao wa kugawa. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Badilisheni kila baada ya miaka miwili. DOT 4 au 5.1 zinafaa. DOT 5 yenye silikoni msiichanganye kabisa. Hakuna pesa inayofanya kazi kubwa kama hii kwenye mlima.

2. *Pedi bora.* Chagueni za barabarani zinazostahimili joto. Pedi za mashindano hazishiki vizuri zikiwa baridi, na asubuhi ya foleni ya Ubungo breki zako ni baridi.

3. *Diski mpya za kawaida, za kampuni inayojulikana.* Pimeni zilizopo kwanza. Unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe. Kwa zile za 24 za WRX, zikifika 22 ni chuma chakavu. Mtu akikuambia zichongwe wakati zimeshafika hapo, mshukuru na uondoke.

4. *Diski za mifereji au seti kubwa.* Hapa ni baada ya yote hayo, kwa mtu anayekwenda kwenye mbio au anayeshuka milima kila wiki. Tena badilisheni kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Mkishanunua

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, zisafishwe kabla ya kufungwa. Uso wa habu usuguliwe kutu, maana punje ndogo tu inaifanya diski ikae upande. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa mkazo sawa.

Halafu ziozesheni. Ndiyo, ndoa. Tafuteni barabara tulivu, mwendo wa 80 au 90, kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi 20 bila kusimama kabisa, rudia kama mara nane au kumi, kisha endesha bila kukanyaga ili zipoe. Hapo pedi inapaka utando mwembamba, sawasawa, kwenye diski. Ukiruka hatua hii, au ukasimama ukiwa umeng'ang'ania pedeli diski zikiwa za moto, utando unakaa mabaka mabaka na usukani unaanza kutetemeka. Fundi atakuambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imepakwa vibaya.

Sasa tuje kwenye bahasha

Kaka, nakuelewa. Mwanaume kupenda gari lake si dhambi, na mimi mwenyewe nageuka nikiona kalipa nyekundu. Lakini ulisema ni kwa usalama wake, basi neno hilo lipimwe. Mafuta mapya, pedi nzuri na diski za kawaida za mbele vitakushusha Mombo salama na bahasha isiguswe sana, huenda isiguswe kabisa ukisubiri mshahara mmoja. Matundu na rangi ni mapambo. Mapambo ni haki yako, ila yaite mapambo na uyalipie kwa pesa ya mapambo. Ukimwambia mwenzako ni usalama, siku ukiwa unaomba pesa ya usalama wa kweli hatakuamini.

Dada, na wewe. Usiikatae hoja nzima kwa sababu nusu yake ni mbwembwe. Nenda naye gereji. Uliza diski zilizopo zina unene gani na mafuta yamebadilishwa lini. Akijua majibu bila kubabaika, anakujali. Asipoyajua, mmejifunza wote wawili na hamjaaibishana. Mahari ni heshima kwa wazazi wako, na kumfikisha na kumrudisha binti yao mzima nayo ni heshima. Mzee atakuwa amesimama uwanjani kuangalia mnavyoondoka, na mkianza mteremko atasikiliza injini. Kaka, shusha gia mapema.

Jambo la mwisho kwa wote wenye magari makali: nguvu ya injini ni yako dereva, unaifurahia mwenyewe. Breki ni ya aliyekaa kushoto, ambaye hana pedeli, ana imani tu. Kabla hujaongeza turbo, mpe huyo sababu ya kulala usingizi njiani.

Tukutane mwezi ujao, matairi safari hii kweli. Hadi hapo, endesheni taratibu na mpendane.