Kabla ya kununua tabo kubwa, pima magunia kwanza



Kila mahindi yanapoanza kukauka, napata swali ambalo halihusu mbegu wala mbolea. Mwenye Canter au Fuso ananijia na kusema: "Bwana shamba, gari langu limeishiwa nguvu mlimani. Fundi anasema nikachukue tabo kubwa Gerezani, tufungue na pampu kidogo, litapanda kama halina mzigo. Unasemaje?"

Mimi ni bwana shamba, lakini zana za kilimo nilizisomea, na injini ya trekta na ya lori ni ndugu. Zaidi ya hapo, jambo hili linamgusa mkulima moja kwa moja. Mnunuzi anapopanga bei ya gunia hapa Rudewa, anaanza na bei ya sokoni, kisha anatoa nauli. Magari yakinoki katikati ya msimu, nauli inapanda na bei ya shambani inashuka. Nyanya zikilala siku mbili juu ya gari bovu, hakuna wa kumlipa mkulima.

Basi nasema maoni yangu wazi: tabo kubwa si dawa ya gari lililochoka. Wengi wanaoinunua hawaihitaji. Na wale wachache wanaohitaji tabo kweli, wanahitaji ndogo kuliko ile wanayoitamani.

Anza na mzani

Canter ya tani 3 na nusu inabeba magunia 35 ya kilo 100. Hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa. Sasa pakia magunia 35 ya lumbesa, kila moja kilo 130. Umebeba kilo 4,550. Umeongeza zaidi ya tani moja bila kuongeza gunia hata moja kwenye daftari. Na kwa kuwa nauli inahesabiwa kwa gunia, hizo kilo 1,050 mwenye gari anazibeba bure. Dizeli ni yake, tairi ni zake, springi ni zake.

Lumbesa tumezoea kuisema kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli. Lakini inamwibia na mwenye gari. Halafu gari likishindwa kupanda, tunailaumu injini.

Tabo pia haibadilishi sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye tairi mbili, na tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne. Hicho ni kikomo cha barabara. Gari lako lina kikomo chake, na kwa Canter kiko chini sana ya hapo. Ukiongeza nguvu za injini, breki zinabaki zilezile. Tabo itakusaidia kupanda kuelekea Gairo, lakini siku ya kurudi na mzigo utashuka mlima huohuo kwa breki za zamani.

Tafuta nguvu iliyopotea

Lita moja ya dizeli, ili iungue vizuri bila moshi mweusi, inahitaji takribani mita za ujazo 15 za hewa. Hicho ni chumba kidogo kizima cha hewa kwa kila lita. Sasa fikiria chujio la hewa lililoziba vumbi. Barabara ya Dumila, Rudewa hadi Kilosa ina lami, lakini mzigo hautoki kwenye lami. Unatoka mashambani, na njia za huko wakati wa kiangazi ni vumbi tupu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha yoyote ya tabo, kagua haya kwa mpangilio:

Chujio la hewa na mipira yake yote. Mpira ukiwa na ufa baada ya chujio, injini inakula vumbi. Ukiwa na ufa baada ya tabo, presha inavuja.

Chujio la dizeli, kisha nozeli. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza inatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu.

Nafasi ya valvu, na mgandamizo wa kila silinda. Kama ringi zimekwisha, tabo itazimaliza kabisa.

Breki zinazoshika bila kukanyagwa. Shika kila rimu baada ya safari fupi. Ukikuta moja ina moto kuliko nyingine, nguvu zako zinaishia hapo.

Kama gari lina tabo tayari, chezesha shafti yake kwa kidole injini ikiwa baridi. Kuyumba kidogo sana pembeni ni kawaida. Ikigusa ukuta, au ikisogea mbele na nyuma, imekufa, na tabo mpya ya saizi ileile inatosha.

Nimeona magari mengi yakirudia nguvu zake hapa, kwa gharama ndogo mno kuliko tabo.

Je, injini yako ilizaliwa na tabo?

Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Upande mmoja wa shafti kuna gurudumu linalosukumwa na moshi, upande wa pili kuna gurudumu linalosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaweza kuungua. Lakini na joto linaongezeka, na hapo ndipo injini zinatofautiana.

Mitsubishi ilitengeneza 4D33 bila tabo, na 4D34 ikaja na tabo. Isuzu 4HF1 haina. Injini ya tabo hupewa pistoni za kuhimili joto na presha hiyo, na mara nyingi hupozwa kwa oili inayorushwa kutoka chini. Ukiifunga tabo kwenye injini isiyo na mambo hayo na kuongeza dizeli, unacheza kamari. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Kinachoiokoa pistoni ni kupozwa tu.

Ushauri wangu: kama injini haikuzaliwa na tabo, usiifungie. Ikifika muda wa kufanya ovahoo, piga hesabu ya kutafuta injini nzima iliyozaliwa nayo, na usisahau kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari TRA.

Najua hoja ya upande wa pili. Mlimani hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Anayepeleka mahindi Kibaigwa kupitia Gairo anafika zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo anapoteza kama sehemu moja ya kumi. Hiyo ni kweli, na kwa mtu huyo gari lenye tabo lina faida. Lakini sehemu moja ya kumi ni ndogo kuliko uzito wa lumbesa tulioupiga hesabu hapo juu.

Ukichagua, chagua inayoamka mapema

Tuseme injini yako ilizaliwa na tabo, umerekebisha yote, unapakia kwa mzani, na bado njia yako ni ya milima. Hapo unaweza kupanda saizi moja.

Tabo kubwa inachelewa kuamka. Unakanyaga, moshi mweusi unatoka, gari halisogei mpaka mizunguko ipande. Kwa gari dogo la mbio si tatizo. Lori lenye mzigo linafanya kazi kati ya mizunguko 1,500 na 2,200 kwa dakika, na hapo ndipo unataka presha. Tabo inayosubiri hadi 2,500 haina kazi kwako.

Soma kibao kwenye tabo ya zamani kabla ya kuiuza. Tabo za Mitsubishi huandikwa TD04, TD05, TD06 na kuendelea. Namba inavyopanda, tabo inakuwa kubwa. Kama yako ni TD05, anayekuuzia TD08 kwa sababu "ndiyo iliyopo dukani" hakusaidii. Ya mtumba, fanya jaribio la kidole nililoeleza, na angalia ncha za mapanga. Zikiwa zimeliwa, ilimeza uchafu.

Hewa kwanza, dizeli baadaye

Kosa linaloua injini nyingi ni kufungua skrubu ya pampu kwa kusikiliza mlio na kutazama moshi. Funga geji mbili kwanza: ya presha ya hewa, na ya joto la ekzosi inayopima kabla ya tabo. Bila geji hizo, usiguse pampu.

Hakikisha presha inapanda vizuri kwa dizeli ya zamani. Kwa kazi yetu, presha ya bar 1 inatosha. Kisha, kama lazima, ongeza dizeli kidogo kidogo, na kila mara weka alama pale skrubu ilipokuwa. Bora zaidi, peleka pampu kwenye gereji yenye mashine ya kuipimia. Jaribu gari likiwa na mzigo halali, kwenye mlima mrefu. Joto likae chini ya nyuzi 650. Likikaribia 700, ondoa mguu, shusha gia, na urudi kupunguza dizeli. Moshi mweusi unaoendelea ni dizeli isiyoungua, yaani fedha yako inapepea nyuma ya gari.

Kuongeza dizeli kuliko hewa ni lumbesa ya injini. Mbele ya mteja inaonekana imejaa, hasara inakuja baadaye.

Injini mpya zinazoongozwa na kompyuta hazina skrubu hiyo. Viboksi vya kudanganya kompyuta, sishauri hata kimoja kwa gari la kutafutia riziki.

Mwisho, oili. Shafti ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili. Tumia oili ya dizeli ya daraja la CI-4, ibadilishe kwa wakati, na ukitoka mlimani acha injini isailensi dakika 2 au 3 kabla ya kuzima. Mwambie dereva na utingo wake, maana wao ndio wanaozima gari, si wewe.

Kabla ya msimu huu, ninaomba jambo moja kutoka pande zote. Mkulima, kataa lumbesa. Mwenye gari, toza nauli kwa kilo badala ya gunia. Mkikubaliana hapo, wengi wenu mtagundua kwamba gari lilikuwa na nguvu siku zote, na ile fedha ya tabo itanunua mbegu au tairi.

Tuonane shambani.