Kukopa harusi, matanga kwa jirani

Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, leo nalitema. Wenye haraka wanaweza kurukia kule chini nilikoandika habari za kadi za benki, ila nitawalaumu.

Kila nikifungua redio hapa Tabora nakutana na wimbo uleule. Vijana mnakopa ovyo mtandaoni. Vijana hamna elimu ya fedha. Vijana kuweni makini. Msemaji huwa ni mtu wa semina, amelipwa posho, na dawa yake ni semina nyingine. Sina ugomvi na elimu ya fedha hata kidogo. Ugomvi wangu unaanza pale inapogeuzwa shuka la kumfunika mkosaji. Hivi kweli mama anayepika chapati stendi hajui hesabu? Anaamka saa kumi, anajua kilo moja ya unga inatoa chapati ngapi na mafuta yameliwa kiasi gani. Mwambie programu ya simu itampa mkopo wa 100,000, itakata "ada" na kumtumia 75,000, halafu baada ya siku saba arudishe 100,000 kamili. Atakwambia papo hapo kwamba hiyo ni theluthi nzima kwa wiki moja. Na anaweza kuongeza kwamba ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Anajua anaumia. Anakopa kwa sababu mtoto ana homa na milango mingine aliyogonga haikufunguka.

Kwa hiyo riba tuiache kidogo, imeshasemwa sana, hata jina la mtaani imepewa: kausha damu. Mimi nataka tutazame kitu ambacho watu wa semina hawakigusi. Dhamana. Ukikopa kwenye simu bila kuweka shamba, bila hati ya nyumba, bila mshahara, umeweka nini rehani?

Umeweka sisi.

Ndiyo, sisi. Ile siku unapakua programu inakuuliza kama unairuhusu isome majina yaliyo kwenye simu yako. Unabonyeza "ruhusu" kwa sababu ukikataa haikusogezi ukurasa wa pili. Hapo imebeba bosi wako, shemeji, mchungaji au imamu wako, fundi wa bati, mwalimu wa mtoto, na yule binti uliyemtumia salamu mara moja mwaka 2019. Siku ya nane ikipita hujalipa, hao ndio wanaotumiwa ujumbe. Mkopeshaji hategemei kushinda kesi mahakamani. Anategemea aibu yako mbele ya watu ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Mwaka jana zamu yangu ilifika. Namba nisiyoijua ilinijulisha kwamba fulani ni mwizi na tapeli, amekimbia deni, na mimi kama "mtu wake wa karibu" nimwonye alipe kabla picha yake haijasambazwa. Mtu wangu wa karibu! Huyo bwana nilimhoji mara moja, dakika ishirini, kuhusu bei ya asali. Kazi yangu ni ya kugawa namba kwa watu, na watu wanazihifadhi. Leo ninasimama kama mdhamini wa deni ambalo sikuulizwa, sikusaini, na senti yake sikuionja. Jina la programu naliacha. Nikilitaja, kesho watafungua nyingine yenye jina tamu zaidi.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sawa. Lakini hawakusema harusi iwe kwako na matanga yawekwe kwa jirani.

Sasa mniruhusu nirudi nyuma kidogo, maana kama kuna mji Tanzania usiopaswa kushangazwa na habari za mikopo ni huu wetu. Tabora imejengwa na deni. Watu wakienda Kwihara kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 husimuliwa pembe za ndovu na minyororo, na ni haki wasimuliwe, ila habari ya nani aligharimia misafara inapitiwa juujuu. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wamejenga, wana mashamba na maghala. Bidhaa zilizopanda na misafara kutoka Bagamoyo, merikani, kaniki, shanga, waya, baruti, kwa sehemu kubwa hazikuwa mali ya aliyezisindikiza. Zilikuwa mali ya matajiri wa Kihindi wa Unguja, akina Taria Topan na nyumba ya Jairam Shivji, waliozitoa kwa mkopo ili walipwe pembe baada ya mwaka, miwili, au zaidi. Tippu Tip, ambaye baba yake Muhammed bin Juma alikuwa na makazi hapa hapa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili mwenyewe, na hakuona haya kueleza alivyochukua mali kwa mkopo. Baadaye Taria Topan ndiye aliyekuwa tajiri wake mkubwa. Faida mara nyingi ilifichwa ndani ya bei: kitambaa cha kulipia kesho kilikuwa ghali kuliko cha taslimu. "Ada" ya leo haijaanza leo.

Kati ya tajiri na mkopaji lakini kulikuwa na kitu kimoja: walijuana. Taria Topan alimtazama mtu usoni, akauliza ukoo wake na safari zake zilizopita, ndipo akafungua ghala. Mtu akishindwa, jina lililoharibika lilikuwa lake. Wapo walioganda Tabora, Ujiji na Manyema miaka na miaka kwa kuogopa kushuka pwani kukutana na wadai wao. Kuzima simu kwa zama zile kulikuwa kubaki bara.

Msinielewe vibaya, sikuja kuusifu mfumo ule. Mkopo wa Unguja ulibebwa begani na mpagazi wa Kinyamwezi na shingoni na mateka aliyetekwa akiwa shambani kwake. Wao hawakuingia ghalani kwa Topan wala hawakuweka alama kwenye karatasi yoyote. Ndicho kinachonifanya nisilale vizuri ninapousoma tena ule ujumbe: njia ileile, miaka mia na hamsini baadaye, na bado mzigo unabebeshwa mtu ambaye hakukuwapo siku ya makubaliano. Uzito haulingani hata kidogo, mimi nimevurugiwa siku na wao walinyang'anywa maisha. Ila hila ninaifahamu nikiiona.

Mtu atasema wakulima wetu wa tumbaku kule Urambo, Kaliua na Sikonge nao hudhaminiana. Kweli, pembejeo huja kwa mkopo kupitia vyama vya msingi na wanachama hubebana, na mara nyingi mchapakazi amejikuta akikatwa kwa deni la mvivu. Wanalalamika na wana haki ya kulalamika. Lakini mkulima yule alikaa kikaoni, akajua ameingia kundi gani na nani. Mimi mnisomee muhtasari wa kikao nilichohudhuria.

Haya, kadi. Najua wasomaji wengi wa hapa mna ajira, mna akaunti, mnanunua vitu mtandaoni na mnaona habari za kausha damu ni za watu wa stendi. Kwanza, namba zenu zimo kwenye simu za hao watu wa stendi. Pili, wengi mnatembea na kitu mnachokiita "credit card" ambacho si kadi ya mkopo. Ile ya benki mnayotolea hela kwenye mashine ni kadi ya akaunti. Ukiiandika kwenye tovuti ya kununulia viatu na namba zikaibwa, kilichoibwa ni mshahara wako, na utaudai ukiwa na njaa. Kadi ya mkopo yenyewe inatumia fedha ya benki: mwizi akiichezea, unabisha ankara huku mshahara wako haujaguswa, na ukilipa yote uliyonunua kabla ya siku ya mwisho kwa kawaida hutozwi riba. Ukiitumia kutoa taslimu, hapo umekwisha, riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo na ada juu.

Kwa mwenzangu na mimi ambaye hana kadi ya mkopo, afadhali kadi ya mtandaoni inayofungwa kwenye pochi ya simu, unaweka kiasi cha kununulia kitu kile tu, ukimaliza imebaki tupu. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazipigwi picha wala hazitumwi WhatsApp, hata kwa mchumba. Namba ya siri inayokuja kwa ujumbe haisomwi kwa mtu anayepiga akidai anatoka benki. Na ukiomba kadi au mkopo, andika mwenyewe anuani ya tovuti ya benki, usifuate kiungo ulichotumiwa na kundi la familia. Atakayekwambia utume kwanza 15,000 ya "bima ya mkopo" ndipo fedha itoke, huyo ni mwizi, mpeleke namba yake 15040 kwa TCRA na uendelee na shughuli zako.

Lakini tusidanganyane. Ni wangapi Tabora watapewa kadi ya mkopo? Benki inataka mshahara upitie kwake, inataka barua ya mwajiri, au amana iliyolala. Bodaboda wa Cheyo hana mwajiri. Muuza asali ana fedha msimu na hana fedha msimu. Mlango wa mbele ni mwembamba, ndiyo maana watu wanapita dirishani, halafu tunawakemea kwa kuchanika nguo. Inachonipendeza kwenye kadi, pamoja na ubaguzi wake wote, ni kwamba mkataba ni wa watu wawili, wewe na benki. Ukishindwa kulipa, kuna kumbukumbu za mikopo, zipo taasisi kama Creditinfo zinazozitunza kwa utaratibu unaojulikana, na mkopeshaji mwingine atakuona. Linachafuka jina lako. La mama mkwe wako halimo.

Serikali haijalala kabisa, niseme kweli. Sheria ya huduma ndogo za fedha ni ya 2018. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, ukagusa ada, ukusanyaji wa madeni na faragha ya mteja. Novemba 2024 ikataja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni wala idhini. Sitini na tisa! Jiulizeni zilikusanya majina mangapi kabla ya tangazo. Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, hairuhusu programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za simu, ndipo wajanja wakageukia kutuma faili lao moja kwa moja kwa kiungo. Programu inayokuja kwa kiungo, nje ya duka, usiipakue hata kama una shida. Mwulize mkopeshaji leseni yake, kisha ulitafute jina lake kwenye orodha ya Benki Kuu, usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye picha.

Tatizo ni kwamba hatua zote hizo zinamhesabu mkopaji na mkopeshaji. Mimi wa katikati sihesabiwi. Kenya wamejaribu: Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa watu wengine na kuwatumia vitisho. Waliosikilizwa pale ni watu kama mimi.

Na sisi sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Namba yangu ni taarifa yangu. Aliyeitoa si mimi, na aliyeichukua hakuniomba. Nataka Tume ipokee malalamiko ya aliyetumiwa ujumbe, sio ya mkopaji peke yake, na ikitoza faini itaje jina la kampuni gazetini kwa herufi zilezile kubwa wanazotumia kuwatangaza wadaiwa. Na sisi waandishi tuache kuziita kampuni hizi "mkombozi wa kijana" mchana kwa sababu zimelipia tangazo la jioni.

Barua yangu kwa Tume nimeiandika, kurasa mbili, na picha ya ule ujumbe nimeiambatisha. Yule bwana wa asali nilimpigia kabla sijaituma. Simu yake haipatikani.