Nuru ya Tenzi, Nuru ya Mahindi

Kati ya Kitale na Bungoma, kwenye matatu na katika ofisi za walimu, hoja tatu hurudiwa dhidi ya Kiswahili cha sayansi.

Ya kwanza: Kiswahili ni maskini, maana "mwezi" ni siku 30 na papo hapo ni ule unaoangaza Mlima Elgon usiku. Basi tuwatazame Warusi. Kwao "mesyats" ni mwezi wa kalenda, na ndio pia mwezi mchanga wa hadithi na mashairi. Mwanafalaki husema "luna". Utata huo haukuwachelewesha: Septemba 1959 chombo chao, Luna 2, kilikuwa cha kwanza kufika mwezini. Nasi tuna hilali, tuna mbalamwezi. Tena mkulima wa Kiminini akiambiwa apande mwezi wa tatu, hainui macho juu.

Ya pili ndiyo inayoniuma: eti maneno ya washairi hayana usahihi wa maabara. "Nuru" ilitoka Kiarabuni, ikakaa katika tenzi za pwani ikibeba uongofu na uzuri wa uso. Waundaji istilahi wakaiunga na "usanisi", tukapata usanisinuru. Warusi hapo walichukua Kigiriki: "fotosintez". Sasa ingia shambani. Mahindi yaliyo chini ya mparachichi yamerefuka kama nyuzi, majani yamepauka. Hatua tano kutoka hapo mengine yamenenepa, kijani kibichi. Mtoto anayejua maana ya nuru ameshapata nusu ya somo kabla mwalimu hajataja maji na kabonidioksaidi.

Ya tatu: tukope kila kitu kutoka Kiingereza. Kukopa si aibu, na oksijeni imeshakuwa yetu. Ila Mrusi huiita haidrojeni "vodorod", yaani kizaa-maji, na kweli ukiichoma unapata maji. Jina la Kigiriki lilisema hivyohivyo. Kwetu limefika limefumbwa. Nakiri jina lenye maana huweza kupotosha: oksijeni, "kislorod" kwa Kirusi, iliitwa kizaa-asidi kwa sababu mwanakemia Lavoisier alidhani kila asidi inayo. Hata hivyo, kosa linaloonekana husahihishika darasani.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Naiomba shule yoyote iliyo nayo iiweke rafu moja na diwani za mashairi.