Kilomita 20 kwa lita? Labda kwenye karatasi!

Najua nimewatupa karibu miezi miwili bila neno, mniwie radhi, kazi za watu zilinibana. Leo nilipanga kuendelea na lile somo letu la hifadhidata. Lakini Jumapili yalinifika mambo hapa nyumbani Junju, nikaona hapana, hili nisipolisema nitapasuka.

Binamu yangu alikuja na karatasi. Anataka kukopa kwenye chama anunue gari la teksi, zile za kuitwa kwa simu, akafanye kazi Mombasa. Na si gari hivi hivi tu. Anataka hatchback ya Kijapani ya lita 1.5, rimu pana, spoila nyuma, na kile kitufe cha "S" kando ya gia. Alinifuata mimi kwa sababu ninalo la aina hiyo hiyo. Kwenye karatasi yake ameandika na kupigia mstari: KILOMITA 20 KWA LITA. Jamaa wa yadi ndiye aliyempa.

"Kaka, nimepiga hesabu mara tatu. Inalipa!"

Nikamwuliza, hiyo 20 imepimwa wapi? Akaniangalia kama mtu niliyemwombea mabaya.

Ndugu msomaji, gari langu nalo kijitabu chake kinasema 20. Kompyuta ya kwenye dashibodi inasema 15.2. Na mimi, kwa kuwa siamini kompyuta yoyote ambayo sijaiandikia programu mwenyewe (na hata hizo nilizoandika siziamini sana), nimekuwa nikipima tangi kwa tangi. Nimeshapima matangi kumi na mawili. Wastani ni 13.4. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini namba ni tatu. Sasa wewe ungekopa pesa kwa ipi?

Tufanye hesabu ya binamu. Tuseme anaendesha kilomita 150 kwa siku, na lita ya petroli ni shilingi 180.

Kwa 20: lita 7.5, yaani shilingi 1,350.
Kwa 13.4: karibu lita 11.2, yaani kama shilingi 2,015.

Tofauti ni shilingi 665 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya 17,000 kwa mwezi. Marejesho ya mkopo wake ni 18,000. Kwa hiyo pesa aliyopanga kulipia chama karibu yote itaishia kwenye tangi! Na hapo nimeweka 180. Septemba 2023 EPRA walipotangaza bei, petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64, na Oktoba ikapanda tena.

Mtasema jamaa wa yadi ni mwongo. Mimi nasema hapana, na hapo ndipo kwenye ubaya wenyewe. Hiyo 20 ni ya kweli, ila ni ya kweli mahali ambapo binamu yangu hataendesha maisha yake yote.

Magari mengi tunayoagiza Japani yana namba zilizotoka kwenye kipimo kinachoitwa JC08. Gari linawekwa ndani ya maabara juu ya magurudumu ya chuma, linaendeshwa kama dakika 20, kama kilomita 8 hivi. Mwendo wa juu kabisa haufiki 82 kwa saa, na wastani ni kama 24. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna upepo, hakuna kilima, hakuna shangazi na gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma. Kiyoyozi kimezimwa, jamani! Hebu jaribu kumbeba abiria kutoka Mtwapa mpaka Nyali mwezi wa pili bila kiyoyozi uone atakupa nyota ngapi.

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu. Mteja analalamika programu imekwama, nasi tunajibu, "mbona kwenye mashine yangu inafanya kazi?" Basi maabara ndiyo mashine yao.

Mkitaka ushahidi kwamba namba ni mali ya kipimo na si mali ya gari, mchukue Mazda Demio, ambayo huku mnaijua wote. Mwaka 2011 Mazda walitoa Demio yenye injini ya Skyactiv ya lita 1.3. Kwa kipimo cha zamani cha 10-15 ilipata kilomita 30 kwa lita. Kwa JC08 gari hilo hilo lilipata 25. Hakuna bolti iliyobadilishwa, ila kilomita 5 zimeyeyuka kwa kubadilisha mtihani tu! Na hapo bado hatujatoka nje ya maabara.

Sasa tutoke nje. Twendeni barabara yetu ya Malindi, tuhesabu matuta. Gari la kilo 1,100 likiwa kwenye 80 lina nguvu ya mwendo ya kama kilojuli 270. Ukifika kwenye tuta unakanyaga breki na karibu zote zinageuka joto. Ili uirudie 80, ukichukulia injini inatumia vizuri kama robo tu ya nishati ya petroli, unachoma kama mililita 34. Hiyo ni vijiko viwili vya chakula na kidogo, shilingi 6 kwa kila tuta. Matuta 20 kwenda na 20 kurudi ni shilingi 240, umelipa na hakuna aliyekupa risiti. Bado foleni ya Mtwapa, ambako injini inanguruma na kilomita ni sifuri. Sifuri gawanya kwa lita yoyote ni sifuri, hata kama ni hybridi ya shemeji yako.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, wanaoniambia, "Si ununue gari la kawaida, haya ya spoti yanakunywa!" Nao wanakosea. Spoila hainywi petroli. Kinachokunywa ni kitufe cha S kinachoiacha injini kwenye mizunguko mingi, tairi pana zinazoburuta zaidi, na mguu wa mwenye gari aliyelipia sauti na anataka kuisikia. Tena ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya kuusukuma upepo inakaribia kuwa mara mbili. Upepo hauulizi kama gari ni la spoti au la kubebea mkate.

Wala si sisi peke yetu tuliouziwa karatasi. Ulaya, watafiti wa ICCT walikuta pengo kati ya namba rasmi na barabara limekua kutoka kama asilimia 9 mwaka 2001 mpaka 42 mwaka 2015. Wakabadilisha kipimo, na tangu 2021 magari mapya ya kule lazima yawe na mita ya ndani inayorekodi mafuta yanayochomwa kweli. Ripoti ya Machi 2024 ikaonyesha magari ya petroli na dizeli bado yanazidi karatasi kwa karibu asilimia 20. Na zile hybridi za kuchaji kwa waya? Mara tatu na nusu!

Basi kabla hujasaini mkopo:

1. Uliza namba imetoka kipimo gani. Namba isiyo na jina la kipimo ni uvumi.
2. Gari likiwa na namba ya WLTC, kijitabu cha Japani hutenga mjini, nje ya mji na barabara kuu. Wa teksi soma ya mjini, achana na ile kubwa.
3. Tafuta mwenye gari kama hilo anayepita njia utakayopita. Usimwulize "inakula ngapi", maana atakujibu kwa majivuno. Mwambie mjaze tangi mpaka pampu ijikate, mwandike kilomita, aendeshe wiki, mjaze tena pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita. Rudia mara tatu.
4. Piga hesabu ya mkopo kwa namba iliyo chini kuliko zote. Ikilipa hapo, nunua, hata kama ina spoila mbili.

Nilimfanyia binamu hesabu upya mbele yake. Kwa 13.4 haikulipa. Akakunja karatasi yake, akaondoka bila kumaliza chai. Mpaka leo hajanipigia simu.

Nitaivumilia hasira yake. Chama kinakutana Jumamosi, na hasira ya binamu haina riba.